Dumu la Mtama Kwenye Mlimau

Jumapili, mwezi wa nne, masika yenyewe. Mvua imepiga tangu kabla ya adhana ya alfajiri, ikatulia wakati wa chai, ikarudi kwa rasharasha, na sasa jua linatokea kwa kujiiba katikati ya maghorofa mawili yaliyotubana. Uani maji yamesimama mpaka kwenye kizingiti cha choo. Naandika nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua, chini ya bati la jikoni, kwa sababu leo limetokea jambo ambalo nisipoliandika upesi nitaanza kulipamba.

Nyumba tunayopanga ni ile ya zamani, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani nyuma. Kariakoo hii zimebaki chache. Bustani siwezi kuapa kwamba tunayo. Tuna mlimau mmoja kwenye kona, na kuna mchicha na mrehani niliopanda kwenye ndoo za rangi na kwenye beseni lililopasuka. Mimi naita bustani. Jirani yangu wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Moshi anayeuza vyombo vya plastiki huko sokoni, anaita "udongo wako." Huenda yeye ndiye mkweli. Amekulia kwenye migomba, bustani anaijua.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu mwezi wa pili. Mume wangu alimfuata kusini mwenyewe kwa sababu ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kupitia neti. Hospitali walimpima, wakasema inatolewa, wakampa tarehe mwezi wa tano. Mume wangu alirudi siku ile anapiga mluzi, jambo ambalo halifanyi.

Mama akakataa. Hakukataa kwa kelele, na nafikiri ndiyo maana tulichelewa kumwelewa.

"Vya kuona nimeshaona," alisema. "Nimezaa, nimezika, nimelima. Kimebaki nini? Magari?"

"Mama, nakuomba," mume wangu akasema. "Ukisubiri, na hilo la kulia litafunga."

"Likifunga, limefunga nikiwa kwangu. Nirudisheni."

Furushi lake, lile la kitenge alilokuja nalo, hakulifungua. Alitoa khanga mbili za kubadilisha, akalifunga tena, akaliweka nyuma ya mlango. Kila nilipofagia ilinibidi nilisogeze, na kila nilipolisogeza alisikia. "Liache hapo hapo, mwanangu. Lisipotee njia." Sisi tulijua akipanda basi kurudi hatutaweza kumleta tena. Si kwa ugomvi. Asingekubali tu, na sisi tusingekuwa na maneno mapya ya kumwambia.

Kutwa alikaa ukumbini kwenye mkeka, uso ukutani. Nikimsalimia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba, mwanangu," na hapo ndipo mazungumzo yanapoishia mpaka chakula. Nilijiona nimeshindwa. Nilisoma mpaka darasa la saba na hakuna mahali walipotufundisha namna ya kumchangamsha mama mkwe.

Ndipo nikaona kwenye simu mzee mmoja wa nchi za baridi, katundika sinia la punje nje ya dirisha lake, ndege wa kila rangi wanamjia, naye anawatazama na kikombe chake cha chai, uso umejaa raha. Nikajiambia, huyu wetu ni mtu wa shamba. Anachokosa ni ndege. Nitamletea ndege.

Mimi kazi yangu ni kupepeta na kuchambua nafaka kwenye duka moja karibu na soko. Jioni tunafagia, na kwenye ufagio kunabaki chenga za mchele, mtama uliovunjika, ulezi uliomwagika. Nikamwomba tajiri wangu yale masalio. Sikutaka kubeba bila kusema.

"Chukua," akasema. "Unafuga kuku wa aina gani?"

"Si kuku, bosi. Ndege."

"Kasuku?"

"Hapana. Wa kupita."

"Wa kupita wapi?"

"Wa kupita tu. Wakitaka, wale."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la choroko. Kwa haki niseme kwamba tangu siku ile ananiwekea yeye mwenyewe kwenye mfuko, na wakati mwingine anatia na uwele mzuri, akisema, "Wapelekee wageni wako."

Nikachukua dumu la mafuta ya kula, lile la lita tano, nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka likaacha kuteleza. Nikachoma kisu kwenye jiko, nikalikata madirisha mawili. Chini ya kila dirisha nikapitisha kijiti cha kukanyagia. Nikatia mtama, nikalitundika kwenye mlimau kwa kamba ya manila, nikakaa kusubiri kama mtu aliyefungua duka jipya.

Hakuja hata mmoja. Siku zikapita. Jirani wa Moshi akipita kwenda bafuni ananiuliza, "Wateja vipi leo?" Nami namjibu, "Wanafikiria." Nilishaanza kuona aibu, nikasema mwisho wa wiki nitalitoa. Halafu asubuhi moja, nikiwa nawasha jiko, nikasikia kelele ndogo ndogo mlimauni, kama watoto wanaogombania kalamu. Shomoro. Wamejipanga kwenye vijiti, wengine wako chini wanaokota, wengine wanapigana mbawa hewani. Nilisimama na kiberiti mkononi mpaka njiti ikaniunguza.

Nikakimbia ukumbini. "Mama! Mama, njoo usikie!"

Nikamshika mkono, nikamleta mpaka mlango wa uani. Akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja kusikiliza. Uso wake ukabadilika, nami moyo ukanijaa, nikasema sasa hivi atatabasamu kama yule mzee wa kwenye simu.

"HOOOYA! HOOO! HAAAA!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwenye kifua cha mtu mfupi vile. Akavua ndala, akaitupa. Ndala ikapita juu ya mlimau, ikagonga bati la choo, na shomoro wote wakaruka kwa mpigo mmoja. Mtu aliyekuwa chooni akauliza kwa hofu, "Kuna nini huko?" Mama akavua na ndala ya pili.

"Mama! Mama, ngoja, ni mimi niliyewaita!"

"Umewaita nani?"

"Hao ndege. Nimewatundikia mtama."

Akanigeukia. Jicho lile la kulia lilinitafuta mpaka likanipata. "Mtama," akasema taratibu, "umewatundikia wewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama."

"Umeupepeta kwanza?"

"Nimeupepeta, nikatoa mawe."

Akakaa pale pale kizingitini. Nilidhani nimemuudhi. Kumbe mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya khanga, tena na tena, na kila akitaka kuacha anasema "ametoa mawe!" na kuanza upya.

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa sikijui. Utoto wake wote msimu wa mtama ulikuwa kwenye dungu, kile kichanja kirefu wanachojenga katikati ya shamba, mtoto anapanda juu alfajiri na kushuka jua likizama, kazi yake kupiga kelele na kutupa udongo, ndege wasimalize chakula cha mwaka mzima. Akazeeka akiwa chini ya dungu lile lile, juu wako wanawe. Mume wangu naye alipanda. Ndege kwa mama hawakuwa pambo hata siku moja. Walikuwa wezi wanaokuja kwa makundi. Na mimi nimemleta mjini, nimemshika mkono, nimempeleka kumwonyesha jinsi ninavyowakaribisha wezi na kuwawekea mahali pa kukalia.

Siku ile ile akaniambia nimpigie mdogo wake kule kijijini, niweke sauti ya juu.

"Mdogo wangu, umesikia vituko? Huku mjini ndege wanapepetewa mtama!"

"Wee!"

"Nakuapia. Na mawe wanatolewa. Wanatundikiwa mtini, na vijiti wamewekewa, wasije wakachoka miguu!"

Upande wa pili kikalipuka kicheko, na si cha mtu mmoja. "Mwambie mkweo aje awachukue na hawa wa kwetu!" mdogo wake akapiga kelele. "Nauli nitatoa mimi!"

Nilichekwa na kijiji kizima, na sikumbuki lini nimefurahi vile. Tangu afike, mama hakuwa amesema maneno mengi kiasi kile.

Kuanzia kesho yake alihamisha mkeka. Akakaa mlangoni mwa uani, ukuta mgongoni, uso mlimauni. Shomoro wakija, "Hoooya!" Ndala inaruka, mimi naifuata. Wanarudi, "Haaa!" Nilijiuliza kama nawatendea haki wale ndege, kuwaita kwa mkono huu na kuwafukuza kwa ule. Bado najiuliza. Ila walikuwa wanarudi, na mtama ulikuwa unapungua, kwa hiyo nadhani nao walikwisha kuizoea ndala. Na mama naye, polepole, akaanza kuchelewa kuvua. Siku moja nikamsikia anawaambia, "Nyie wadogo, kuleni upesi upesi, nimechoka kuvua viatu."

Halafu wakaja kunguru.

Madirisha ya dumu niliyakata makubwa mno, kunguru anaingiza kichwa na shingo. Wakimwaga huku wakila, dumu linazunguka kama pangaboi, shomoro wanatazama kwa mbali kwenye waya wa umeme. Wakishashiba wanahamia kwenye kamba ya nguo. Na Jumamosi kamba ile ni ya jirani wa Moshi, anaanika mashati meupe ya shule ya wanawe.

Nitaandika alichosema kama alivyosema, kwa sababu alikuwa na haki. Alikuja na shati mkononi, kalinyoosha mbele yangu. Begani lilikuwa limepata alama, ndefu, ya kijani na nyeusi, mpaka kwenye mfuko.

"Dada, mimi nakupenda," akasema, "lakini hapa umechemka. Nimefua tangu saa kumi na mbili. Maji tunachota kwa zamu. Huyu kunguru ni mgeni wa nani?"

"Wa kwangu," nikasema.

"Basi mfulie mgeni wako."

Nikalichukua shati, nikalifua. Nikiwa nafua akaendelea, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Akasema mashati ya watoto wake ni haya haya, mtoto akienda na shati chafu anarudishwa getini. Akasema kesho lile dumu lisiwepo. Mume wangu alikuwa anasikia, akanitazama, na mimi nikamwambia ni kweli, ana haki, nitalishusha. Nilimaanisha. Dumu la ndege haliwezi kushindana na shati la mtoto wa shule.

"Liacheni."

Tukageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono kashika fremu ya mlango.

"Shikamoo bibi," jirani akasema.

"Marahaba. Huyo mweusi nitamlinda mimi. Niletee kamba ndefu na makopo."

"Makopo gani, mama?" nikauliza.

"Yoyote. Ya maziwa, ya nyanya. Na kokoto."

Jirani wa Moshi akanitazama, mimi nikamtazama yeye. Ila alikwenda mwenyewe chumbani kwake, akarudi na makopo ya maziwa ya unga aliyokuwa anahifadhia vibanio vya nguo. Vibanio akavimwaga kwenye beseni. Mama akatuelekeza, sisi tukafunga. Kamba ikatoka mlimauni, ikapita juu ya kamba ya nguo, ikazunguka nguzo ya bati, ikaja mpaka mkekani kwake, makopo yananing'inia njia nzima na kokoto tumboni. Akakaa. Akafungia ncha kwenye kidole gumba cha mguu.

"Mnamwona?"

"Yupo juu ya bati," jirani akanong'ona. "Anashuka. Ameshuka!"

Mama akavuta mguu. Ua mzima ulilia kama duka la masufuria limeanguka. Kunguru aliruka kinyumenyume, nakuambia sijui kama ndege anaweza lakini ndivyo nilivyoona, na jirani wa Moshi akapiga kofi na kupiga kelele, "Mkomeshe, bibi! Mkomeshe huyo!"

Shomoro walikimbia pia, lakini walirudi hata makopo hayajatulia. Kunguru hakurudi siku ile. Wana akili, na kitu kinachowadhalilisha hawakisahau. Kunguru naye ana njaa yake, sijamsema vibaya. Masalio mengine sasa namwagia nyuma kule kwenye mtaro, apate na yeye, ilimradi asikae juu ya mashati. Na madirisha ya dumu nimeyapunguza kwa kipande cha dumu jingine, nimeshona kwa waya.

Toka hapo mama akapata kazi. Jirani akianika anapita mkekani kwanza, "Bibi mlinzi, uko zamu?" Mama anajibu, "Anika, mwanangu, nipo juu ya dungu." Hata mume wangu akirudi kutoka Msimbazi, anakotengeneza redio, hasemi tena habari za hospitali mlangoni. Anauliza, "Leo wamekuja wangapi?" Lakini furushi lilibaki nyuma ya mlango, limefungwa vile vile, na tarehe ilikuwa inasogea. Juzi mama alimwambia mume wangu, mbele yangu, amkatie tiketi mvua ikipungua. Alisema kwa furaha. Alisema anakwenda kuwafundisha wa nyumbani namna ya kufunga kamba kwenye kidole cha mguu, mikono ibaki kumenya mihogo. Mume wangu alitoka nje akakaa barazani peke yake muda mrefu, na mimi nikaona nimeharibu. Nimemchangamsha mpaka amepata nguvu za kuondoka.

Sasa ya leo.

Mvua ilipotulia ile asubuhi, shomoro wakashuka na njaa zao. Mama yuko mkekani, kamba kidoleni, mimi nachambua kisamvu pembeni yake. Ghafla akainua mkono.

"Nyamaza."

Katikati ya kelele za shomoro kulikuwa na sauti nyingine, ya kukwaruza na kuvuta, kama mtu anayefungua mlango wenye kutu huku anacheka.

"Huyo si wa hapa," akasema. "Huyo namjua. Yuko wapi?"

Nikatazama. Kwenye kijiti cha chini, amewasukuma shomoro pembeni, alikuwa amekaa ndege ambaye sijawahi kumwona uani kwetu. "Yuko kwenye dumu, mama. Wa njano."

"Mnana!" Akashika goti langu. "Mnana kaja Kariakoo! Kafuata nini huku? Wa njano ipi?"

"Njano tu."

"Njano si moja. Ya embe au ya manjano ya mchuzi?"

Nikatazama tena. "Kama... kama ya embe. Hapana. Kama ya kiini cha yai."

"La kuku wa kienyeji au hili lenu la dukani?"

"La kienyeji, mama, nadhani. Lakini kuna mahali inakuwa kijani kidogo."

"Wapi kijani?"

"Mgongoni. Au mabawani. Anajigeuza geuza."

"Kichwa je? Kina nyeusi? Huyu wa kwetu mmoja ana nyeusi usoni kama kajipaka masizi, mwingine hana. Ana?"

"Ana... ngoja. Lile ni jicho, au ni kivuli cha jani."

"Mwanangu," mama akasema, "una macho mawili mazima, na umeshindwa kunieleza ndege mmoja."

Ni kweli nilishindwa. Nilikuwa namwona vizuri kabisa, ametulia, anadonoa mtama, matone ya mvua yanamdondokea kutoka kwenye majani, na hakuna neno nililopata ambalo lingemhamisha kutoka kwenye macho yangu kwenda kwake. Mama akaegemea mbele mpaka nikadhani ataanguka. Akafunga jicho la kushoto, akafungua la kulia kwa vidole viwili, akalilazimisha. Mnana yule akalia tena, akaruka, akaenda zake juu ya maghorofa.

"Nimeona kitu kimepita," akasema. "Kama kitambaa."

Shomoro wakarudi kwenye kijiti. Mama alikuwa anazungusha ile kamba kwenye kidole cha mkono, anaifungua, anaizungusha tena.

"Atarudi?" akauliza.

"Sijui, mama. Mtama upo. Nadhani atarudi."

"Ile tarehe yenu ya hospitali ni lini?"

Niliogopa kugeuza kichwa. "Mwezi wa tano, mwanzoni."

"Wakitoa, naona siku ile ile?"

"Wanafunika kwanza. Kesho yake wanafungua, ndivyo walivyosema. Kama nilisikia vizuri."

"Basi mwambie mwanangu asikate tiketi." Akaanza kuifunga kamba upya kwenye kidole gumba cha mguu, kwa kupapasa. "Siwezi kwenda kuwaambia watu nimemsikia mnana Kariakoo sijamwona hata rangi. Watasema nimezeeka. Nimwone kwanza, halafu niende nikaseme."

Nilinyanyuka nikaenda mpaka Msimbazi kwa miguu, kwenye madimbwi, ndala mkononi, kwa sababu simu ya mume wangu haikuwa inapatikana. Alikuwa ameinamia redio ya mtu. Nilimwambia, akaniuliza, "Kasema mwenyewe?" Nikamwambia kasema mwenyewe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu nimeshindwa kusema njano. Hakuelewa, lakini alianza kupiga mluzi.

Sijui kama mnana atarudi. Sijui hata kama alikuwa na nyeusi usoni. Namwomba Mungu mwezi wa tano ukifika ndege yule apite tena, na kama hatapita, bado kuna shomoro, na shomoro nao, nilivyowatazama leo kwa makini nikijifunza kusema, si kahawia tu. Wana rangi ya chai mgongoni, na dume ana kitu kama kola nyeusi kooni.

Niliporudi, mama alisogea nyuma ya mlango, akafungua furushi lote, akatoa nguo moja moja na kunipa nizitundike. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa korosho alizotoka nazo nyumbani, alizokuwa amejiwekea za kula njiani siku ya kurudi. Nikazitwanga, nikazitia kwenye kile kisamvu. Tumekula na ugali wa moto, na jirani wa Moshi akaleta bakuli la mtori wa ndizi kwa ajili ya bibi mlinzi.